Kisa cha migomba mitatu: kromosomu zilizokisiwa na kromosomu zilizohesabiwa

Kisa hiki kilitokea katika kituo kimoja cha utafiti wa kilimo kwenye ukanda wa Ziwa Victoria. Jina la kituo, majina ya wahusika na namba za mistari ya migomba yameondolewa, na idadi chache zisizobadilisha maana hazikutajwa. Mwandishi alikuwa mmoja wa kikosi kilichofanya kazi hiyo, kwa hiyo makosa yanayoelezwa hapa ni yake pia.

Usuli

Ndizi nyingi tunazokula zina asili katika spishi mbili za mwituni kutoka Asia, Musa acuminata na Musa balbisiana, ambazo seti zao za kromosomu hupewa herufi A na B. Kila moja ya spishi hizo ina kromosomu 22 katika seli za mwili, yaani seti mbili za kromosomu 11. Mshare wa Kilimanjaro na Arusha umebaki na seti mbili, AA. Ndizi za kupika za nyanda za juu, zinazoitwa matoke Uganda na ebitoke Kagera, zina seti tatu, AAA, na kwa hiyo zina kromosomu 33. Mkono wa tembo ni AAB na bokoboko ni ABB, nazo zina 33. Mkulima wa Uchaggani anaweza kusimama katika kihamba chake, mkono mmoja ukigusa mgomba wa kromosomu 22 na mwingine ukigusa mgomba wa kromosomu 33, asione jambo la ajabu. Kwake tofauti iko kwenye ladha, kwenye mtori na kwenye bei ya sokoni.

Seti tatu zina manufaa na zina gharama. Manufaa ni kwamba mgomba wa triploidi kwa kawaida una nguvu, huzaa mkungu mkubwa na karibu hautoi mbegu. Gharama ni kwamba aina ya mmea isiyotoa mbegu haibadiliki kwa njia ya kawaida ya uzazi. Huenezwa kwa machipukizi, kizazi baada ya kizazi, na ugonjwa ukiizoea huikuta ileile katika kila shamba. Sigatoka nyeusi, ugonjwa wa majani unaosababishwa na kuvu, uliingia katika mashamba ya matoke kwa mtindo huo.

Lengo la kituo lilikuwa kuzalisha ndizi ya kupika yenye kinga dhidi ya sigatoka nyeusi. Njia iliyochaguliwa ni ileile iliyotumiwa Uganda na NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, kwa kushirikiana na IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, iliyozaa kundi la migomba linaloitwa NARITA. Mgomba wa matoke huwa mama, na baba huwa mgomba wa mwituni wenye kinga, mara nyingi ule unaoitwa Calcutta 4, ambao licha ya jina lake asili yake ni Burma. Kwenye hatua ya kwanza hutafutwa watoto wa tetraploidi, wenye kromosomu 44. Kwenye hatua ya pili watoto hao hupandishwa na mgomba mwingine wa diploidi, yaani wenye seti mbili, ili wajukuu wawe na 33, yaani wawe na kinga na pia wasiwe na mbegu. Hesabu yenyewe ni fupi: 33 za mama zisizogawanyika na 11 za baba ni 44, kisha nusu ya 44, ambayo ni 22, na 11 za baba wa pili ni 33. Hesabu hiyo fupi ndiyo iliyotuponza.

Mwenendo wa matukio

Uchavushaji ulifanyika alfajiri, kabla jua halijapata nguvu, na mikungu ikafungwa mifuko. Ilipokomaa, mingi haikuwa na mbegu hata moja. Mbegu chache zilizopatikana zilipasuliwa, viinitete vikatolewa na kukuzwa maabara, kwa kuwa mbegu za machotara ya namna hii huota kwa shida zikiachwa kwenye udongo. Miche iliyofika shambani haikuzidi ishirini.

Migomba hiyo ilipotoa majani makubwa, kikosi kilikaa kuamua ni ipi iliyo tetraploidi. Vigezo viwili vilitumika. Cha kwanza ni mkao wa majani, kwa kuwa kadiri seti za kromosomu zinavyoongezeka ndivyo majani yanavyoelekea kuwa mapana, mazito na yenye kuinama, na diploidi huwa na majani membamba yanayosimama. Cha pili ni ukubwa wa stomata, yaani vitundu vidogo vya jani vya kupitishia hewa, kwa kuwa seli yenye kromosomu nyingi huwa kubwa, na seli zinazolinda stomata hurefuka pamoja nayo. Vipande vya ngozi ya jani vilitazamwa kwenye hadubini, urefu ukapimwa, wastani ukaandikwa. Migomba mitatu iliongoza kwa vigezo vyote viwili. Tutaiita wa kwanza, wa pili na wa tatu. Katika daftari la shamba, mbele ya kila mmoja, iliandikwa "4x", yaani seti nne, kwa wino, bila alama ya kuuliza.

Mwaka uliofuata mitatu hiyo ikawa mama wa hatua ya pili. Wa kwanza alitoa mbegu za kiasi. Wa tatu, aliyekuwa anakua kwa kusuasua, alitoa mbegu chache sana, nyingi zikiwa tupu ndani. Wa pili alitoa mbegu kwa wingi ambao hatukuwa tumeuona, nyeusi, ngumu, zilizojaa dole hadi dole. Siku hiyo kituoni palikuwa na furaha. Baada ya miezi ya kuvuna sifuri mkungu baada ya mkungu, hakuna aliyetaka kuuliza kwa nini mmoja amekuwa mkarimu hivyo.

Aliyeuliza ni mfanyakazi wa shamba, mzee aliyekuwa amekulia Machame, Kilimanjaro, kabla ya kuhamia ziwani. Chipukizi la pili la mgomba ule lilikuwa limekua, na majani yake hayakuwa yameinama kama ya mama yake wakati wa uchaguzi.

"Daktari," alimwambia mtafiti kiongozi, "mama huyu ana majani ya mshare. Mtazame anavyoyasimamisha."

"Ni mbolea ilipungua, Mzee wangu," alijibiwa. "Mwanzoni alikaa karibu na shimo la samadi."

"Mbolea hunenepesha, Daktari. Haisimamishi majani."

Mazungumzo yaliishia hapo siku ile, lakini mtafiti aliyaandika, na kwa hilo anastahili sifa. Majuma machache baadaye miche ya wajukuu kutoka kwa mama wa pili ilianza kuonekana myembamba kuliko ile ya mama wa kwanza, na ndipo kikosi kikaamua kusimamisha uchavushaji wote na kuhesabu.

Maamuzi na sababu zake

Kabla ya kueleza hesabu, ni haki kueleza kwa nini haikufanywa mapema, maana si kwamba hakuna aliyeifahamu. Kituo hakikuwa na mashine ya kupima kiasi cha DNA kwenye viini vya seli, na kupeleka majani mabichi nje kulihitaji vibali, gharama na haraka ambayo barabara haikuiruhusu. Kuhesabu kromosomu kwenye ncha za mizizi kuliwezekana palepale, lakini kromosomu za mgomba ni ndogo sana, na fundi mmoja tu ndiye aliyekuwa na mkono wa kazi hiyo. Ilionekana ni busara kutumia vigezo vya macho kwanza na kuhesabu baadaye, kwa ile migomba itakayofika mwisho.

Uamuzi huo haukuwa wa kijinga. Mkao wa majani na stomata ni vigezo vinavyotumika kweli, na katika shamba lenye mazingira sawa huchuja vizuri. Kosa lilikuwa katika kugeuza mchujo kuwa hukumu. "Labda 4x" na "4x" hutofautiana kwa neno moja kwenye daftari, lakini ukiandika la pili hakuna anayerudi kuuliza.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutochoma mgomba wa pili baada ya shaka kuingia, ingawa kulikuwa na waliotaka nafasi yake itumike kwa kitu kingine. Sababu iliyotolewa wakati huo ilikuwa ya kawaida tu: majani yake hayakuwa na sigatoka.

Kuhesabu

Njia mbili zilitumika pamoja. Ya kwanza ni mashine iliyopatikana kwa msaada wa maabara nyingine. Kipande cha jani changa hukatwakatwa kwa wembe ndani ya kimiminika, viini vya seli hutoka, hutiwa rangi inayoshikamana na DNA, kisha hupitishwa kimoja kimoja mbele ya mwanga. Kiini chenye DNA nyingi hung'aa zaidi. Jani la mgomba unaojulikana kuwa diploidi huwekwa kama kipimo. Kilele chake kwenye grafu ya mwanga kikisimama kwenye 100, cha triploidi husimama karibu na 150 na cha tetraploidi karibu na 200. Kazi ya siku nzima ya hadubini hufanyika kwa dakika.

Majibu yalikuwa haya: mama wa kwanza, 200, mama wa tatu, karibu kabisa na 200, mama wa pili, 100.

Fundi wa maabara hakuridhika na neno "karibu kabisa". Alichukua ncha za mizizi ya migomba yote mitatu, akaziloweka kwenye dawa inayosimamisha seli katikati ya mgawanyiko, akazigandisha kwa alkoholi na asidi ya siki, akazilainisha kwa vimeng'enya, akazikandamiza kwenye kioo na kuzihesabu. Mama wa kwanza alikuwa na 44. Mama wa pili alikuwa na 22. Mama wa tatu alikuwa na 43, seli baada ya seli, mzizi baada ya mzizi. Kromosomu moja kati ya 44 ni kama asilimia 2.3 ya jumla, tofauti ambayo mashine ya namna ile, ikiendeshwa bila uangalifu wa pekee, huimeza ndani ya upana wa kilele chenyewe.

Matokeo

Miche yote ya wajukuu iliyotoka kwa mama wa pili ilikuwa diploidi na haikuwa na nafasi katika mpango wa kupata triploidi. Ile ya mama wa tatu ilikuwa michache, dhaifu na yenye hesabu zisizolingana, ikaondolewa. Iliyobaki ni ya mama wa kwanza. Kwa kipimo cha kazi, theluthi mbili za juhudi za hatua ya pili zilipotea, pamoja na misimu iliyokwenda nazo, na mgomba si mahindi: kutoka uchavushaji hadi mgomba wa mtoto kutoa mkungu ni miaka, si miezi.

Uchambuzi

Swali la kwanza ni lile ambalo wengi huuliza wakisikia kisa hiki: imewezekanaje mama mmoja wa kromosomu 33 na baba mmoja wa 22 wazae watoto wa 22, 43 na 44? Jibu liko katika mgawanyiko wa seli za uzazi. Mmea wa diploidi una kila kromosomu mara mbili, hivyo mbili zinakutana na kuachana, moja huku na moja kule. Triploidi ana kila kromosomu mara tatu. Zinapoachana, upande mmoja hupata moja na mwingine hupata mbili, na hilo hutokea kwa kila moja ya makundi 11, kila kundi likiamua kivyake. Tukichukulia kwamba kila kundi huchagua upande kwa bahati nasibu, uwezekano wa yai kupata moja tu kutoka kila kundi, jumla 11 kamili, ni 1 kati ya 2,048. Uwezekano wa kupata mbili kutoka kila kundi, jumla 22 kamili, ni huohuo. Mayai mengine yote huangukia katikati, moja likiwa na kromosomu 16, jingine 17, na mengi kati ya hayo hufa au huzaa mbegu tupu. Hiyo ndiyo siri ya ndizi isiyo na mbegu, na ndiyo sababu ya ile mikungu mitupu iliyotukatisha tamaa.

Lakini kuna njia ya tatu. Mara nyingine mgawanyiko hushindwa kukamilika, na yai hubaki na kromosomu zote 33 za mama. Yai hilo likikutana na chavua yenye 11, mtoto huwa na 44. Mama wa kwanza alizaliwa hivyo. Mama wa pili alitoka kwenye yai adimu la 11. Mama wa tatu, kwa maelezo yanayoelekea zaidi, alitoka kwenye yai ambalo nusura libaki na 33 lakini likapoteza moja njiani. Kwa hiyo watoto watatu wa tumbo moja walikuwa mifano ya matukio matatu tofauti. Hesabu ya "33 na 11 ni 44" haikuwa na kosa. Ilikuwa inaeleza mojawapo tu ya yanayowezekana, nasi tukaifanya kanuni.

Hapa inafaa kutoka shambani kidogo. Tulichokiita usumbufu ndicho kilichoifanya ndizi iwe ndizi. Hakuna mkulima wa kale aliyekaa na dawa ya kuzidisha kromosomu. Triploidi za mwanzo zilipatikana pale gameti, yaani seli ya uzazi, isiyogawanyika ya mmea mmoja wa AA ilipokutana na gameti ya kawaida ya mwingine, na watu wakachagua na kutunza mgomba uliotoa tunda nono lisilo na mbegu. Uchunguzi wa vinasaba umeihusisha Cavendish, ndizi inayojaza maduka ya Ulaya na Marekani, pamoja na Gros Michel, aina nyingine ya ndizi za biashara, na kundi la diploidi linaloitwa Mlali, ambalo limebaki hadi leo Komoro na Zanzibar. Mzazi wa ndizi ya biashara ya dunia ana ndugu wanaokua kimya katika visiwa vya Bahari ya Hindi, na wapitanjia huiona kuwa migomba ya kawaida.

Idadi nayo si jambo la kudumu katika ukoo huu. Ndizi za kundi la Fe'i za Pasifiki, ambazo mikungu yake husimama wima badala ya kuning'inia, zina kromosomu 20 na si 22. Enseti, mgomba usio na tunda la kuliwa ambao Waethiopia hula shina lake, una 18. Musa ingens wa Papua, mgomba mkubwa kuliko yote, una 14. Tofauti hizo hazikutokana na kuzidishwa kwa seti nzima. Zilitokana na kromosomu kuvunjika, kuungana na kupangwa upya, hadi hesabu ya msingi ikawa 11 kwa mmoja, 10 kwa mwingine, 9 au 7 kwa wengine. Na nyuma zaidi, jenomu, yaani DNA yote, ya Musa acuminata iliyosomwa na kuchapishwa mwaka 2012 ilionyesha alama za kuzidishwa kwa seti nzima mara tatu katika historia ya ukoo huo. Diploidi ya leo ni poliploidi, yaani mmea wa seti nyingi, ya kale iliyosahau kwamba iliwahi kuwa poliploidi.

Swali la pili ni gumu zaidi, na kikosi chetu kililichelewesha. Je, mama wa kwanza, mwenye 44 halali, aliweza kuaminiwa kikamilifu? Hapana, kwa kuwa hesabu husema ngapi, haisemi zimepangwaje. Katika Musa acuminata zipo jamii ndogo ambazo vipande vikubwa vya kromosomu vimebadilishana nafasi. Mfano uliochunguzwa vizuri ni wa kromosomu ya 1 na ya 4: mmea wenye mpangilio wa aina mbili huurithisha mmoja mara nyingi kuliko mwingine, kinyume cha uwiano unaotarajiwa. Ikiwa jeni ya kinga imekaa kwenye kipande kama hicho, wajukuu watairithi kupita kiasi au watainyimwa, na mtafiti asiyejua atalaumu bahati. Mshare ni ushahidi mwingine. Una seti mbili tu, na kwa hesabu peke yake ungetarajiwa kuzaa mbegu kama mgomba wa mwituni, lakini karibu hauzai. Sehemu ya sababu ni kwamba seti zake mbili hazikupangwa sawa, hivyo zinapokutana kwenye mgawanyiko hukwaruzana. Mbinu ya kupaka kromosomu rangi tofauti tofauti imewezesha kuyaona mabadilishano hayo kwenye kioo, katika mshare na katika ndizi za nyanda za juu pia.

Kuhusu kilichofanikiwa, la kwanza ni matumizi ya njia mbili za kuhesabu kwa pamoja. Mashine peke yake ingempitisha mama wa tatu. Hadubini peke yake ingechukua miezi kwa miche yote. La pili ni jicho la mzee wa shamba. Hakujua neno diploidi, lakini alikuwa ameishi na mshare utotoni, na alitofautisha unene unaoletwa na mbolea na mkao unaotoka ndani ya mmea. Kikosi kilikuwa na taarifa hiyo majuma kadhaa kabla ya mashine.

Kilichoshindwa kinahitaji maneno machache zaidi. Stomata za mama wa pili zilipimwa kwenye jani la chini lililokuwa kivulini, na za migomba mingine kwenye majani ya juu yenye jua. Tuligundua hilo tuliposoma daftari upya. Urefu wa seli hizo hubadilika kwa umri wa jani na kwa mwanga, hivyo tulilinganisha vitu visivyolingana. Samadi ikaongeza upana wa majani, na vigezo viwili vilivyopaswa kusahihishana vikakubaliana katika kosa lilelile. Halafu zikaja mbegu nyingi, ambazo zilikuwa ushahidi wa wazi kuliko vyote, maana uzazi mwingi namna ile ni tabia ya mmea wenye seti mbili zinazopatana, nasi tukazipokea kama zawadi.

Hali ilivyo sasa

Utaratibu uliobadilishwa ni mmoja. Hakuna mche unaoandikiwa hesabu ya kromosomu kabla ya kupimwa kwa mashine, na kila unaochaguliwa kuwa mama huhesabiwa pia kwenye mizizi. Kabla ya hapo, mahali pa hesabu kwenye daftari huachwa wazi.

Mama wa tatu alikatwa. Mama wa pili bado yupo. Kwa kuwa ana kromosomu 22, hutoa chavua nzuri, na majani yake hadi chipukizi la nne hayakushikwa na sigatoka nyeusi kwa kiwango cha kudhuru, alihamishiwa upande wa akina baba. Chavua yake ndiyo inayotumika sasa kwa mabinti wa mama wa kwanza, baada ya kupimwa mmoja mmoja. Kibao chake cha zamani kiling'olewa, na mzee aliyekuwa wa kwanza kumshuku ndiye aliyepigilia kipya, kimeandikwa 22.